Gunia Lililopigwa Pasi

Kwenye mambo ya nguo, hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Maneno hayo nilikuwa nayasema kila siku dukani kwangu Mwembesongo, Morogoro, na wateja walikuwa wanaitikia kwa kichwa, hasa wale waliotaka niwapunguzie bei.

Mimi ni mtu wa mitumba. Shule nimeishia darasa la nne, na sioni haya kulisema. Nalisema hata nisipoulizwa. Walimu wa vyuo wananunua mashati kwangu, na ni mimi ninayewaambia shati walilovaa ni la kitambaa gani. Naweza kufumba macho, nikaingiza mkono wangu wa kushoto ndani ya belo la mitumba lililofunguliwa sasa hivi, nikakwambia hii pamba, hii polista, hii inajifanya hariri na wala si hariri. Mwenye mashaka namchomolea uzi nauwashia kiberiti mbele yake. Uzi ukijikunja ukawa kishanga cheusi, ni polista. Ukiacha jivu na harufu ya karatasi, ni pamba. Basi. Mtu haendi chuo kwa ajili ya hilo.

Na habari ya mtaji wangu, nadhani nusu ya mji wanaijua, maana nimeisimulia harusini, nimeisimulia msibani, na mara moja niliisimulia kwa trafiki aliyenisimamisha, akaniachia ili ninyamaze. Nilianza na shati moja. Sikupewa hela na mtu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nina shati moja jeupe la komunyo ya kwanza, limeshanibana, na wala sikuwahi kulipenda: lilikuwa la baridi mwilini kama limetoka kisimani sasa hivi, na lilikunjamana ukilitazama tu. Nikapanda nalo treni mpaka Ngerengere, nikamuuzia mwanajeshi mmoja aliyetaka kumvalisha mwanawe. Shilingi mia mbili. Kwa mia mbili hiyo nikanunua mashati matatu ya mtumba, nikayauza, nikanunua saba. Leo nina duka la vyumba viwili na nyumba ya ghorofa. Peke yangu. Hapo kwenye "peke yangu" huwa nanyamaza kidogo, ili watu wapate nafasi ya kusema "aisee".

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa sijamaliza hata hilo darasa la nne. Aliyenilea ni dada yake, mama mkubwa, ambaye mpaka leo anaishi kulekule milimani, juu ya Mkuyuni, kwenye kijiji cha misheni ambako ukitoka nje ya mlango unaona migomba ya jirani iko chini ya miguu yako. Yeye ndiye mtunza nguo za kanisa. Kabla yake alikuwa mama yake, na kabla ya mama yake alikuwa bibi yake. Kwetu sisi Waluguru mambo hupita kwa upande wa mama, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Mwaka huu parokia yao ilikuwa na jubilei, na askofu alikuwa anakuja. Jumatatu moja, wiki mbili kabla ya siku yenyewe, mama mkubwa akanipigia simu. Kule simu inashika juu ya jiwe moja tu nyuma ya zahanati, na hata hapo inategemea upepo.

"Baba, nimekutumia mzigo kwa gari la mboga."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sikiliza, maneno yasije yakakatika. Kwenye huo mzigo, kitu chenyewe ni kile cha k... tani. Hicho kipeleke kwa dobi anayejua kazi yake. Kina umri mkubwa kuliko mimi. Vingine vyote ni vyako, mle na watoto."

"Cha katani?"

"Ehee, hicho hicho. Jumapili ukilete mwenyewe. Usimpe mtu, baba. Wamama wote wananiangalia mimi."

Mtu wa Morogoro ukimwambia katani huna haja ya kumfafanulia. Mashamba ya mkonge tumeyakuta, kamba za katani tumefungia mbuzi, magunia ya katani tumelalia. Gari la mboga likafika, nikapokea mzigo wangu: gunia kuukuu la katani, lina viraka vitatu, linanuka kabichi. Ndani mlikuwa na mananasi manne, fungu la mdalasini, na khanga iliyokunjwa. Ndani ya khanga mlikuwa na kitambaa kirefu, cheupe kilichogeuka rangi ya chai, kimedariziwa misalaba na matunda pembeni, kina madoa ya nta.

Nikaelewa mara moja. Kitu chenyewe ni gunia. Vingine ni vyangu.

Nisieleweke vibaya, sikufanya pupa. Niliukagua mzigo kitaalamu. Gunia nililitazama kwa heshima, nikasema bila shaka hili ndilo lililobeba vitu vya padri wa kwanza kupanda mlima ule. Halafu nikakishika kitambaa. Vidole vyangu viliniambia kitu, hilo nalikubali. Kilikuwa cha baridi. Nikasema ni baridi ya milimani haijaisha. Nikachomoa uzi mmoja pembeni, nikauwasha: jivu, harufu ya karatasi. Nikatoa hukumu: pamba nzito, kitambaa cha meza, cha Ulaya, cha kizamani. Nikakitundika mlangoni.

Siku ya pili akaja mama mmoja mwembamba wa miwani, mwalimu wa chuo. Alikuja kutafuta mapazia. Alipokiona kile kitambaa akakigeuza, akawa anatazama nyuma badala ya mbele.

"Kaka, hiki umekitoa wapi?"

"Ulaya, mwalimu. Grade ya kwanza. Elfu kumi."

"Una hakika ni cha Ulaya?"

"Mwalimu, mimi niko kwenye nguo miaka thelathini na kitu. Nimeanza na shati moja..."

Nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na hilo shati nani alikupa?" Nikamwambia hayo si mazungumzo ya biashara. Akaniambia elfu tano, mimi nikashikilia, tukaachana kwenye elfu nane. Alipotoka nikawaambia waliokuwepo dukani, mmeona? Msomi, na nimempandisha elfu tatu nzima kwa kitambaa nilichopewa bure. Kabla ya kuondoka alikuwa ameandika namba yake ya simu kwenye kalenda yangu ukutani. "Ukipata kingine kama hiki, au ukikumbuka kilikotoka, nipigie." Nikasema sawa, nikijua sitapiga.

Gunia nikalipeleka kwa dobi mwenyewe, mkononi.

"Bosi," dobi akasema, "umeniletea mzigo ndani ya gunia, au?"

"Mzigo ndio hilo gunia. Lifue taratibu, ulipige pasi."

"Nipige pasi gunia?"

"Na wanga."

Akanitazama kama mtu anayepima homa kwa macho. "Tajiri, huku mtaani kuna waganga wazuri tu. Si lazima ulipitishe kwangu."

"Hilo gunia ni la kanisa. Lina umri mkubwa kuliko bibi yako."

"Bibi yangu ana meno bado. Hili lina viraka vitatu."

Lakini kazi aliifanya. Gunia lilitoka limenyooka kama ubao, ukiligonga linalia. Nikalikunja, nikaliweka ndani ya mfuko mpya, na Jumapili nikawasha gari kupanda milimani. Kuanzia Mkuyuni kwenda juu barabara inakuomba radhi kila baada ya hatua kumi, lakini nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimeandaa hotuba.

Niliwakuta wamama wa kushona wa parokia wamekaa uwanjani kwa mama mkubwa, wapata kumi na wawili, baada ya misa, na vitenge vyao vya sare. Nikaamkia wote, shikamooni, wakaitikia. Mama mkubwa alikuwa ametandika meza kwa shuka safi, kwa ajili ya kupokelea. Nikasema machache kuhusu kuthamini vya kale, na jinsi watu wa siku hizi wasivyojua thamani ya kitu wakikiona. Nikafungua mfuko, nikalaza gunia juu ya meza.

Kuku alipita chini ya meza akatoka upande wa pili.

"Baba," mama mkubwa akasema polepole, "hili ni gunia."

"Ndiyo mama. La katani."

"Kitani, baba."

"Eeh, katani."

"Ki! Ki! Kitani! Kile kitambaa!"

Mama mmoja mnene, jirani, akaanguka juu ya bega la mwenzake. "Yesu wangu, amelipiga pasi! Ligongeni mlisikie!" Wakaligonga. Wakacheka mpaka mmoja akavua viatu. "Askofu atasomea misa juu ya gunia la kabichi! Mwanetu, na wanga umeweka?" Nikasema nimeweka. Wakaanza upya.

Mama mkubwa peke yake hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, mikono kwenye magoti, na akaniuliza kitu kimoja tu: "Kiko wapi?"

Nikamwambia kiko salama.

"Baba, mimi macho yamekwisha. Mwakani nakabidhi ufunguo wa kabati la nguo za kanisa kwa hawa. Nilipokea kitambaa, nikabidhi kitambaa. Nisije nikawa mimi ndiye niliyepoteza." Akageuka kuwatazama wenzake. "Jumamosi kiwe hapa."

Nikashuka mlima na mananasi mengine mawili, maana hata akiwa na uchungu hawezi kumwachia mtu aende mikono mitupu.

Namba ilikuwa bado kwenye kalenda. Jumatatu jioni nilikuwa sebuleni kwa yule mwalimu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa chuo, nikiwa na elfu ishirini mfukoni na maneno matamu mdomoni. Kitambaa alikuwa amekitandaza mezani juu ya karatasi nyeupe, uso chini.

"Kwanza nikuulize," akasema. "Hiki ni kitambaa cha altare. Umekipataje?"

"Ni cha nyumbani."

"Wiki iliyopita kilikuwa cha Ulaya."

Nikanywa chai. Kumbe yeye anafundisha habari za mazao ya nyuzi: pamba, mkonge, na hicho kitani. Akanieleza kwamba kitani hutoka kwenye mmea mwembamba wa nchi za baridi, kwamba kitambaa chake hukunjamana upesi, na ukikishika kina ubaridi. Neno hilo la ubaridi lilinichoma kidogo, lakini nikaliacha lipite.

Halafu akanionyesha mambo ambayo nilikuwa nimeyatazama bila kuyaona. Kitambaa chenyewe, akasema, kililetwa na meli, lakini mikono ni ya kwenu milimani. Tazama hii ngano. Aliyeidarizi hakuwahi kuona ngano, amedarizi mtama. Na hizi zabibu? Nikatazama. Zilikuwa zimebebana, zimepinda kuelekea juu. Zilikuwa ndizi, jamani. Mkungu kamili wa ndizi, pembeni mwa msalaba, na masista wa misheni walioiagiza kazi ile hawakugundua, au waligundua wakanyamaza.

"Sasa," akasema, "mbele wamedarizi walichoagizwa. Nyuma kwenye kona wamedarizi walichotaka. Kama ni cha kwenu, nyumbani wanajua kuna nini. Mimi siwezi kumpa mtu kitu cha kanisa eti kwa sababu ana gari zuri."

Nikampigia mama mkubwa. Kwa bahati alikuwa juu ya jiwe lake. Nadhani alikuwa hatoki pale tangu Jumapili. Nikamweleza, nikampa mwalimu simu, naye akaiweka mezani ikiwa kwenye sauti kubwa ili apate kutumia mikono yote miwili.

Wakaamkiana. Halafu mama mkubwa akaanza, kama anasali litania.

"Kona ya kwanza, jembe. Hiyo ni ya bibi yangu."

Mwalimu akainua kona. Nyuma, kwa uzi mwekundu, jembe dogo lisilozidi ukucha.

"Ipo, mama."

"Ya pili, kinu na mchi. Hiyo mama yangu."

"Ipo."

"Ya tatu, jogoo. Ana mguu mmoja. Hiyo yangu, wa pili ulinishinda."

"Ipo, mama, na ana mguu mmoja kweli," mwalimu akasema, akicheka. Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama, najiandaa kubeba changu.

"Na ya nne?" mwalimu akauliza.

Simu ikakwaruza. Nikadhani upepo umegeuka.

"Mwalimu," mama mkubwa akasema, sauti chini, "huyo mtoto yuko karibu?"

Mwalimu akanitazama. Mimi nikamfanyia ishara ya kidole mdomoni. Ni mwanamke mkweli, nadhani alitaka kumjibu, lakini mama mkubwa hakusubiri.

"Kona ya nne haipo. Ilikuwa ya mdogo wangu, marehemu, mama yake huyo. Aliikata. Watoto walikuwa wanakwenda komunyo ya kwanza na wa kwake hana shati. Alikata upande mzima usiku mmoja, akamshonea, na upindo akaurudishia kwa mkono wake. Tulipogundua tulitaka kumsema. Halafu tukamwona mtoto amevaa. Basi, tangu siku ile ule upande tunauelekeza ukutani. Huyo mtoto usimwambie, mwalimu. Ana maneno mengi mno kuhusu kujitengeneza mwenyewe, angeona haya."

Mwalimu akasema, "Nimekuelewa, mama." Akakigeuza kitambaa upande ambao ulikuwa mbali na mimi, akaniwekea mbele.

Upande mmoja una mikungu ya ndizi mitano, upande huu una mitatu, na mkungu wa tatu umekatwa katikati. Upindo wake una mishono midogo midogo, sawasawa kabisa, ila imelala kinyume na mishono mingine yote. Mwalimu akaweka kidole. "Wote walishona kwa mkono wa kulia," akasema. "Huyu peke yake wa kushoto." Nikatazama kikombe changu cha chai, na mkono uliokishika.

Mtu aliyeishia darasa la nne anaweza kujumlisha. Shati la baridi mwilini. Shati lililokunjamana ukilitazama tu. Nilikuwa nimekiuza kitambaa kile mara mbili: nusu ya kwanza Ngerengere kwa mia mbili, nikajenga nayo ghorofa, na nusu iliyobaki Mwembesongo kwa elfu nane, nikajisifu kwamba nimepandisha bei.

Nikatoa zile elfu ishirini. Mwalimu akachukua elfu nane tu, akanirudishia chenji. "Na safari hii," akasema, "nani alikupa shati, ni mazungumzo ya biashara?"

Nikamwambia aje kwenye jubilei Jumapili, atapata chakula.

Jumamosi nilikuwa kule juu kabla umande haujakauka. Kitambaa alikuwa amekifua mwalimu mwenyewe, kwenye beseni, bila kukikamua. Mama mkubwa akakipokea kwa mikono miwili, akapapasa kona moja moja kwa vidole, jembe, kinu, jogoo, na alipofika kwenye ya nne nikamwona ananitazama kwa pembeni.

"Mama," nikasema, "nilikuwa nasikia. Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa."

Akasema, "Shati liko wapi?"

Swali hilo hakuwahi kuniuliza miaka yote. Nikamweleza la Ngerengere, la mwanajeshi, la mia mbili. Habari ambayo nimeisimulia hata kwa trafiki, na yeye peke yake nilikuwa sijawahi kumsimulia yote. Kwake nilikuwa nikiruka moja kwa moja kwenye mashati matatu.

"Mia mbili," akasema. "Angekuwepo angekutandika." Kisha akaanza kucheka, kwa mara ya kwanza tangu lile gunia. "Lilikuwa limekupendeza lakini. Ulikuwa unalia kwamba la baridi."

Jumapili kitambaa kilitandikwa altareni. Ule upande uliokatwa haukuelekezwa ukutani. Mama mkubwa aliugeuzia kwetu waumini, bila kumweleza mtu, na mimi nikiwa benchi la mbele na suti yangu nilikuwa na mikungu miwili na nusu ya ndizi mbele ya macho yangu kwa saa tatu nzima. Askofu hakuona tofauti. Yule jirani mnene aliona. Alikuwa ananikonyeza kila tukisimama. Gunia nalo walilitandika mlangoni, wageni wapangusie miguu.

Baada ya chakula wamama wa kushona wakakaa kikao, wakaniita. Faini. Nikaingiza mkono mfukoni, nikauliza ngapi. Wakasema hawataki hela. Wanataka kitani. Kipande cha kurudishia upande uliokosekana, kitani kwelikweli, na mama mkubwa atakiunga na kudarizi kona ya nne kabla macho hayajazima. Alama ya mdogo wake anaikumbuka yeye peke yake, na mpaka leo hajaniambia ni nini. Anasema nitaiona ikiisha.

Nilizunguka Morogoro siku mbili. Nikaenda Kariakoo, duka hadi duka, nikisema neno lile taratibu kama mtoto anayejifunza kusoma: ki, ta, ni. Kila mmoja alinitolea kitu akaapa ndicho. Nikafumba macho, nikashika. Polista. Polista. Pamba na polista. Mwishoni mwalimu akanielekeza kwa fundi mmoja mzee anayeshona kanzu za mapadri, naye akatoa kitambaa kabatini. Nikaweka mkono wa kushoto juu yake, kikawa cha baridi, na nikaogopa kuuondoa.

Mita mbili na nusu, kwa elfu tisini na tano kila mita. Sikumwomba apunguze. Mimi, ambaye hata sanda ya jirani niliwahi kuiombea punguzo, nilihesabu noti mezani, na kwa kuwa yule mzee hakuwa na chenji nikatoka nje kuitafuta ile mia tano mwenyewe, nikarudi nikamkamilishia: shilingi laki mbili, thelathini na saba elfu, na mia tano.